Hesabu za Herufi: Kujumlisha na Kurahisisha Sehemu

Hapana mtu asiyejua nusu na robo. Mama apimaye unga, fundi akataye ubao, na mwenye duka auzaye sukari robo kilo, wote hutumia sehemu kila siku bila ya kujisumbua. Lakini mara mwalimu aandikapo herufi mahali pa tarakimu, watu wengi hutishika wakaweka kalamu chini. Wengine hukumbuka kanuni nusunusu. Hukata hapa, hujumlisha pale, na mwisho hupata jibu lisilo la kweli.

Somo hili lataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, sehemu zenye herufi hufuata kanuni zile zile za sehemu za kawaida. La pili, kanuni hizo si mchezo wa darasani tu. Mtu akizivunja katika hesabu ya mali, yuko atakayepunjwa haki yake, na huenda asijue ni nani aliyempunja. Kwa hiyo yafaa msomaji achukue karatasi na kalamu, asome polepole, na kila mfano aufanye kwa mkono wake mwenyewe.

ASILI YA HESABU HIZI

Kiswahili kina majina ya sehemu tangu zamani: nusu, theluthi, robo, sudusi na thumuni. Majina hayo yametoka katika Kiarabu, na watu wa pwani wameyatumia katika biashara na katika kugawanya mirathi. Wala si ajabu, kwa maana hesabu za mirathi na aljebra ni ndugu wa siku nyingi. Neno aljebra limetokana na neno al-jabr, lililokuwa katika jina la kitabu kilichotungwa mjini Baghdad karibu na mwaka 820. Mtungaji wake alikuwa mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, na sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu mirathi na wasia.

Hata hivyo al-Khwarizmi hakutumia herufi. Kila kitu alikieleza kwa maneno. Aliyeanzisha desturi ya kutumia herufi kwa utaratibu, kwa hesabu zijulikanazo na zisizojulikana pia, alikuwa Mfaransa François Viète, katika kitabu alichokitoa mwaka 1591.

Herufi, basi, ni kama kikapu kilichofunikwa. Ndani yake mna namba, ila hatujaiona bado. Tukiandika n, twasema: namba fulani. Tukiandika 3n, twasema: namba hiyo mara tatu. Tukiandika n², twasema: namba hiyo mara yenyewe. Basi yote yawezekanayo kufanywa kwa namba yawezekana kufanywa kwa n, na yote yaliyokatazwa kwa namba yamekatazwa kwa n vilevile.

NAMNA YA KUANDIKA

Katika ukurasa huu tutaandika sehemu kwa mstari wa kulala upande, hivi: 3/4. Namba ya kwanza, ambayo katika daftari yako utaiandika juu ya mstari, huitwa kiasi. Namba ya pili, ambayo utaiandika chini ya mstari, huitwa asili. Asili hutuambia kitu kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Kiasi hutuambia tumechukua mangapi katika hayo.

Ikiwa kiasi au asili ina mambo zaidi ya moja, tutayafunga kwa mabano. Kwa mfano, 3/(n + 2) maana yake ni 3 kugawanywa kwa jumla yote ya n na 2. Mabano ni kama ua wa nyumba: vilivyo ndani yake vyakaa pamoja, na havitolewi kimoja kimoja.

Tena asili haiwezi kuwa sifuri kamwe, kwa sababu hapana awezaye kugawanya kitu katika mafungu sifuri. Kwa hiyo katika 3/(n + 2), n yaweza kuwa namba yoyote isipokuwa −2.

KANUNI YA KWANZA: SEHEMU NI ILE ILE, VAZI NI JINGINE

Nusu ya mkate ni sawa na robo mbili, na ni sawa na thumuni nne. Yaani 1/2 = 2/4 = 4/8. Mkate haukuongezeka wala haukupungua. Majina tu ndiyo yaliyobadilika. Kanuni yenyewe ni hii:

Thamani ya sehemu haibadiliki tukizidisha kiasi chote na asili yote kwa namba ile ile, au tukivigawanya vyote viwili kwa namba ile ile, maadamu namba hiyo si sifuri.

Msomaji aliangalie sana neno "chote" na neno "yote". Makosa mengi katika hesabu hizi hutokea kwa sababu mtu amegawanya kipande cha kiasi, akaacha kipande kingine.

MFANO WA MIRATHI

Tuchukue mfano ulio wa kweli katika maisha ya watu. Mtu mmoja Mwislamu amefariki. Ameacha mke mmoja, mama yake mzazi, na watoto wa kiume na wa kike; baba yake alikwisha kufa zamani. Baada ya kulipwa gharama za mazishi na madeni, na kutolewa wasia usiozidi theluthi, imebaki mali ya shilingi 168,000.

Kwa sheria ya Kiislamu, mke hupata thumuni, yaani 1/8, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Mama hupata sudusi, yaani 1/6. Mali ibakiyo huwaendea watoto, na kila mwana wa kiume hupata fungu lililo mara mbili ya fungu la mwana wa kike. Katika nchi ya Kenya mashauri ya namna hii husikizwa na Mahakama za Kadhi, ikiwa wahusika wote ni Waislamu nao wamekubali kwenda huko.

Sasa twataka kujua: mke na mama, kwa pamoja, wachukua sehemu gani ya mali?

Mtu asiyejua atajumlisha vya juu na vya juu, na vya chini na vya chini, aseme 1/8 + 1/6 = 2/14, yaani 1/7. Hebu tulipime jibu hilo. Sehemu moja katika saba ni ndogo kuliko sehemu moja katika sita. Je, yawezekana fungu la mama pamoja na fungu la mke liwe dogo kuliko fungu la mama peke yake? Haiwezekani. Jibu hilo limejihukumu lenyewe.

Kosa liko wapi? Thumuni na sudusi ni mafungu yasiyolingana kwa ukubwa. Mtu hawezi kuhesabu debe moja na kibaba kimoja akasema ana "viwili" bila ya kueleza viwili vya nini. Ni lazima kwanza avipime vyote kwa kipimo kimoja. Kadhalika sehemu mbili hazijumlishwi mpaka ziwe na asili moja.

Twatafuta namba ndogo kuliko zote iwezayo kugawanyika kwa 8 na kwa 6 bila ya kubakiza. Namba ya namna hiyo huitwa kigawe kidogo cha shirika. Hapa ni 24. Kwa kanuni ya kwanza, 1/8 = 3/24, na 1/6 = 4/24. Kwa hiyo:

1/8 + 1/6 = 3/24 + 4/24 = 7/24.

Asili haikujumlishwa, kwa maana 24 ni jina la fungu tu. Viasi ndivyo vilivyojumlishwa. Mke atapata shilingi 21,000, na mama shilingi 28,000, jumla 49,000. Yule aliyesema 1/7 angetenga shilingi 24,000 tu kwa wote wawili. Shilingi 25,000 za mjane na za bibi mzee zingepotea kwa sababu ya mstari mmoja wa hesabu mbaya.

Sehemu iliyobaki kwa watoto ni 24/24 − 7/24 = 17/24, yaani shilingi 119,000. Jambo hili tulishike, kwa kuwa tutalirudia hapo mbele kwa herufi.

KUJUMLISHA SEHEMU ZENYE HERUFI

Njia ni ile ile. Tuifuate kwa hatua tano:

1. Vunja kila asili katika vigawo vyake, yaani vitu ambavyo vikizidishwa huifanya asili hiyo.
2. Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha asili zote.
3. Igeuze kila sehemu iwe na asili hiyo, kwa kuzidisha juu na chini kwa kitu kile kile.
4. Jumlisha au utoe viasi, ukitumia mabano.
5. Tazama kama jibu laweza kurahisishwa.

Mfano wa 1. n/3 + n/4.

Kigawe kidogo cha 3 na 4 ni 12. Sehemu ya kwanza twaizidisha juu na chini kwa 4, ya pili kwa 3:

n/3 + n/4 = 4n/12 + 3n/12 = 7n/12.

Tujaribu kwa kuweka namba ndani ya kikapu. Tuseme n ni 12. Basi n/3 ni 4, na n/4 ni 3. Jumla ni 7. Na 7n/12 ni 84/12, yaani 7. Majibu yamepatana.

Mfano wa 2. 5/(6n) + 3/(4n²).

Hapa herufi zimo katika asili. Namba 6 na 4 zina kigawe kidogo 12. Katika n na n² twachukua n², kwa kuwa n yaingia ndani ya n². Asili ya shirika ni 12n². Sehemu ya kwanza yahitaji kuzidishwa kwa 2n, na ya pili kwa 3:

5/(6n) + 3/(4n²) = 10n/(12n²) + 9/(12n²) = (10n + 9)/(12n²).

Haifai kuandika 19n juu, kwa sababu 10n na 9 si vitu vya namna moja: moja ina n na nyingine haina.

Mfano wa 3. 3/(n + 2) + 2/(n + 5).

Asili hizi mbili hazina kigawo cha shirika. Kila moja ni nyumba yenye ua wake. Kwa hiyo asili ya shirika ni (n + 2)(n + 5), yaani moja kuzidishwa kwa nyingine:

Kiasi cha kwanza chawa 3(n + 5) = 3n + 15.
Kiasi cha pili chawa 2(n + 2) = 2n + 4.
Jumla ya viasi ni 5n + 19.

Jibu ni (5n + 19)/((n + 2)(n + 5)). Ukiweka n = 1, upande wa kwanza ni 3/3 + 2/6, yaani 1 na theluthi. Upande wa pili ni 24/18, nayo pia ni 1 na theluthi.

JIHADHARI NA ALAMA YA KUTOA

Mfano wa 4. 5/(n − 1) − 3/(n + 1).

Asili ya shirika ni (n − 1)(n + 1), ambayo ni n² − 1. Kiasi cha kwanza ni 5(n + 1), yaani 5n + 5. Kiasi cha pili ni 3(n − 1), yaani 3n − 3. Tuviweke ndani ya mabano kabla ya kutoa:

(5n + 5) − (3n − 3) = 5n + 5 − 3n + 3 = 2n + 8.

Jibu ni (2n + 8)/(n² − 1).

Msomaji ameona kwamba −3 imegeuka ikawa +3. Alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano hugeuza kila kilichomo ndani, si kitu cha kwanza peke yake. Anayesahau huandika 5n + 5 − 3n − 3, akapata 2n + 2. Tuweke n = 2 tuone nani mkweli. Hesabu yenyewe ni 5/1 − 3/3 = 4. Jibu letu ni 12/3 = 4. Jibu la msahaulifu ni 6/3 = 2. Basi yeye amepotea.

KURAHISISHA: KIPI CHAKATWA, NA KIPI HAKIKATWI?

Kurahisisha sehemu ni kugawanya kiasi chote na asili yote kwa kigawo walicho nacho wote wawili. Watu husema "kukata", na neno hilo si baya, lakini limewaponza wengi. Wao wakiona kitu kile kile juu na chini, mara huchukua kalamu na kukata.

Tazama (n + 6)/6. Kuna 6 juu na 6 chini. Je, yafaa kuzikata tukabaki na n? Tuweke n = 12. Sehemu yetu ni 18/6, yaani 3. Lakini n ni 12. Tatu si kumi na mbili, kwa hiyo ukataji huo ni batili.

Sababu ni hii. Ile 6 ya juu haikuzidisha kiasi chote. Imejumlishwa tu na n. Si kigawo, bali ni mmoja wa wenyeji wa nyumba. Ukitaka kugawanya kwa 6, yakupasa ugawanye n pia, na hapo utapata n/6 + 1. Ukiweka n = 12 utaona 2 + 1 = 3, jambo lililo sawa.

Kanuni ya pili, basi, ni hii: hukatwa vigawo tu, yaani vile vinavyozidisha kiasi chote na asili yote. Vilivyounganishwa kwa alama ya kujumlisha au ya kutoa havikatwi kimoja kimoja.

Mfano wa 5. (n² − 9)/(n² + 3n).

Asiyejua angekata n² na n². Sisi twavunja kwanza. Kiasi n² − 9 ni (n − 3)(n + 3). Asili n² + 3n ni n(n + 3). Sasa (n + 3) yazidisha kiasi chote, na yazidisha asili yote. Hiyo yakatwa nzima, pamoja na mabano yake:

(n − 3)(n + 3)/(n(n + 3)) = (n − 3)/n.

Tukumbuke kwamba n haiwezi kuwa 0 wala −3, kwa kuwa katika sehemu ya mwanzo namba hizo zingeifanya asili iwe sifuri.

Mfano wa 6. 3/(n² + 3n) + 1/(n + 3).

Asili ya kwanza ni n(n + 3), na ya pili ni n + 3. Ya pili imo ndani ya ya kwanza, kwa hiyo n(n + 3) yatosha kuwa asili ya shirika. Sehemu ya pili yazidishwa juu na chini kwa n:

3/(n(n + 3)) + n/(n(n + 3)) = (3 + n)/(n(n + 3)) = 1/n.

Hesabu iliyoanza na maneno mengi imekwisha kwa herufi moja. Hiyo ndiyo faida ya kuvunja asili kabla ya kujumlisha. Aliyezidisha asili mbili kwa pupa angepata jibu refu, na kazi ya kulirahisisha ingemchosha.

TWARUDI KWENYE MIRATHI

Tuliacha 17/24 ya mali mikononi mwa watoto, lakini hatukusema watoto ni wangapi. Tuseme wana wa kiume ni a, na wana wa kike ni b, na yuko angalau mwana mmoja wa kiume. Kila mwana wa kiume huhesabiwa mafungu mawili, na kila mwana wa kike fungu moja. Kwa hiyo mafungu yote ni 2a + b.

Fungu la kila binti, katika mali yote, ni 17/24 kugawanywa kwa 2a + b, yaani:

17/(24(2a + b)).

Fungu la kila mwana wa kiume ni mara mbili ya hilo, 34/(24(2a + b)). Namba 34 yazidisha kiasi chote na 24 yazidisha asili yote, nazo zina kigawo cha shirika 2. Kwa hiyo twarahisisha iwe 17/(12(2a + b)).

Hii ni kanuni moja itoshayo jamaa zote zilizoacha warithi wa namna hiyo, wawe na watoto wawili au kumi. Hiyo ndiyo nguvu ya herufi: mtu hufanya kazi mara moja, akaitumia mara nyingi.

Lakini je, kanuni ni ya kweli? Tuihakikishe kwa kujumlisha. Wana wa kiume wote watapata 34a/(24(2a + b)). Wana wa kike wote watapata 17b/(24(2a + b)). Asili ni moja tayari, kwa hiyo:

(34a + 17b)/(24(2a + b)) = 17(2a + b)/(24(2a + b)) = 17/24.

Kiasi kilivunjwa, ikaonekana (2a + b) imo juu na chini ikiwa kigawo kizima, nasi tukaikata. Tumerudi kwenye 17/24 ile ile tuliyoanza nayo. Hapana shilingi iliyopotea wala iliyozidi.

Sasa tuone mkato wa haraka waweza kufanya madhara gani. Tuseme wana wa kiume ni 2 na mabinti ni 3. Mafungu yote ni 2 × 2 + 3 = 7. Katika ile mali ya shilingi 168,000, watoto wana 119,000. Kila binti atapata shilingi 17,000, na kila mwana wa kiume shilingi 34,000. Mabinti watatu wana 51,000, na wana wawili wana 68,000; jumla ni 119,000 kamili.

Karani mwenye haraka aitazame 34a/(24(2a + b)), aone a juu na a chini, azikate, na kuandika 34/(24(2 + b)). Akiweka b = 3 atapata 34/120 ya mali, yaani shilingi 47,600 kwa wana wote wawili. Haki yao ni 68,000. Amewanyima shilingi 20,400, wala hakuiba. Alikata herufi isiyokatwa. Ile a ya chini ilikuwa ndani ya mabano, imejumlishwa na b. Kuikata peke yake ni kama kumtoa mtu mmoja nyumbani na kusema nyumba nzima imehama.

KAZI YA WATU WAWILI

Sehemu hizi hutumika pia katika kazi. Tuseme kibarua mmoja aweza kulima shamba kwa siku a, na mwenzake aweza kulilima shamba hilo hilo kwa siku b. Kwa siku moja wa kwanza hulima 1/a ya shamba, na wa pili 1/b. Wakilima pamoja, kwa siku moja watalima:

1/a + 1/b = (b + a)/(ab).

Basi shamba zima litakwisha kwa siku ab/(a + b). Ikiwa wa kwanza huchukua siku 6 na wa pili siku 12, kwa pamoja watachukua siku 72/18, yaani siku 4. Wako watu ambao hujumlisha 6 na 12, wakagawanya kwa mbili, wakasema siku 9. Lakini kibarua wa kwanza peke yake humaliza kwa siku 6. Itakuwaje apate msaidizi kisha achelewe? Mwenye shamba anayepanga malipo ya kutwa kwa hesabu hiyo atatenga fedha za siku 9 kwa kazi ya siku 4.

NJIA YA KUJIPIMA

Kila umalizapo hesabu, jipime kwa njia mbili. Kwanza, uliza kama jibu lina maana. Jumla ya sehemu mbili zilizo zaidi ya sifuri haiwezi kuwa ndogo kuliko mojawapo. Pili, weka namba ndogo badala ya herufi, katika hesabu ya mwanzo na katika jibu, uone kama zapatana. Usichague namba inayoifanya asili iwe sifuri. Zisipopatana, kosa lipo kwa yakini, nawe rudi nyuma hatua kwa hatua. Zikipatana kwa namba moja, jaribu nyingine pia, maana mara chache kosa laweza kujificha nyuma ya namba moja.

MASWALI YA KUJARIBU

Msomaji ajaribu kwanza, ndipo atazame majibu.

1. Jumlisha n/5 + n/2.
2. Jumlisha 3/(2n) + 1/(3n²).
3. Toa: 4/(n + 1) − 1/(n + 3).
4. Rahisisha (n² − 25)/(n² + 5n).
5. Jumlisha na kurahisisha 2/(n² + 2n) + 1/(n + 2).
6. Mwislamu amefariki akaacha mke, mama, baba, na watoto: a wa kiume na b wa kike. Mke hupata 1/8, mama 1/6, na baba 1/6. Ibakiyo ni ya watoto. Fungu la kila binti ni sehemu gani ya mali yote? Na la kila mwana wa kiume?

MAJIBU

1. 7n/10.
2. (9n + 2)/(6n²).
3. (3n + 11)/((n + 1)(n + 3)).
4. (n − 5)/n.
5. 1/n.
6. Mke, mama na baba wana 3/24 + 4/24 + 4/24 = 11/24. Watoto wana 13/24. Kila binti ana 13/(24(2a + b)), na kila mwana wa kiume ana 13/(12(2a + b)).

Aliyepata yote sita amelishika somo. Aliyekosa la tatu atazame tena habari ya alama ya kutoa. Aliyekosa la nne au la tano atazame tena habari ya kukata. Na ye yote atakayeitwa siku moja kushuhudia mgawanyo wa mali nyumbani kwao, na aombe kuonyeshwa karatasi ya hesabu, aijumlishe mwenyewe mpaka mafungu yote yafanye kitu kizima kimoja. Mafungu yakipungua au yakizidi kitu kizima, asitie sahihi.